Kikapu Kilichorudi Sibwesa

Walimu wenzangu, tangu Jumatatu hamnipi hata nafasi ya kusahihisha madaftari. Kila anayeingia ofisini anauliza, "Eti ni kweli ulihubiri kwenye treni?" Kila mmoja amesikia kipande chake, na kila kipande kimetiwa chumvi. Nimeamua kuandika yote mara moja, mpokezane, kisha mniache nifundishe. Habari za tiketi, vibali na barua nitaziruka, zilinichosha wakati ule na sina hamu ya kuchoka nazo tena.

Kwanza mjue kisa. Bibi yangu mzaa mama, Bibi Koleta, alitoka Burundi na mtoto mgongoni na kikapu mkononi. Ni kile kikapu kidogo cha kusukwa, chenye mfuniko uliochongoka, alichopewa na mama yake alipoolewa. Miaka ya mwanzo kwenye makazi ya wakimbizi hapa Katavi alikuja msichana mgeni kufundisha watoto kwa kujitolea, akaishi nyumbani kwa bibi zaidi ya mwaka. Aliitwa Velda, na kwao ni kisiwa huko Karibiani. Siku ya kuondoka bibi alikijaza kile kikapu maharage, akampa.

Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na hakikosi kurudishwa. Majirani walishangaa: kikapu cha harusi, umpe mtu anayevuka bahari! Mmoja wao, Bibi Fabiola, aligeuza jambo hilo kuwa salamu. "Koleta, umeamkaje? Kikapu chako kiko wapi?" Aliuliza hivyo zaidi ya miaka arobaini. Familia yetu ilipopata uraia na kuhamia Sibwesa, Fabiola naye alihamia Sibwesa, nyumba ya tatu kutoka kwa bibi, na salamu yake akaja nayo. Nimekua nikimwona bibi yangu akiinamisha kichwa kila anapoulizwa. Kwa hiyo Velda alipoandika kwamba anakuja, nikaombwa nikampokee kwa sababu ya Kiingereza changu, nilikwenda na hasira zangu zote.

MPANDA HADI TABORA

Sehemu hii sina mengi. Nilipanda treni nikiwa na chapati sita na maneno makali niliyoyapanga kwa Kiingereza safi. Chapati niligawana na mama mmoja aliyekuwa na mapacha. Maneno niliyarudia kimoyomoyo hadi Kaliua, pale njia yetu ya Mpanda inapoungana na reli kubwa, kisha nikasinzia nayo hadi Tabora.

TABORA

Nilitegemea mtu mkubwa. Barua ilisema ni mwanasiasa, nami kwa mwanasiasa najua gari lenye vioo vyeusi na mtu wa kumbebea simu. Nikamkuta mama mzee mrefu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, amevaa raba, amekaa kwenye benchi la stesheni akimega muhogo wa kuchoma. Kikapu kilikuwa mapajani. Nilikijua kabla sijamjua yeye, maana bibi alinisimulia kila ua lililosukwa mle. Mfuniko ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki.

"Wewe ni wa Koleta," alisema kwa Kiswahili kilichokaa sana bila kutumiwa. "Kidevu hicho."

Maneno yangu makali yakapotea. Nikampigia shikamoo. Hakukumbuka jibu lake, akanishika mikono yote miwili, machozi yakamtoka, na mimi yangu yakanitoka vilevile.

Tulipotulia nikainua mfuniko. Ndani hamkuwa na kitu.

Alinieleza kwa aibu. Alikuwa amekijaza kungumanga, kile kiungo cha pilau, za shamba la marehemu mama yake, maana kisiwa chao kinaishi kwa kungumanga. Njiani, kwenye uwanja mmoja wa ndege, wakaguzi walimwambia mbegu haziruhusiwi kupita, wakazimwaga mbele yake. Hawakuwa na kosa, ndivyo sheria ilivyo. Lakini alikuwa amevuka dunia nzima, na sasa anakwenda kumrudishia mama yake wa Tanzania kikapu kitupu.

"Bado anaishi kweli?" aliniuliza.

"Anaishi," nikasema. "Lakini mwezi huu kifua kinambana. Haendi tena shambani."

"Basi twende. Nitafikiria njiani."

KALIUA HADI MTO UGALLA

Asubuhi ilitukuta tumeshaipita Kaliua. Jua lilipopanda, treni ikasimama karibu na mto Ugalla, ikakataa kuendelea. Mvua ilikuwa imesomba kokoto chini ya reli huko mbele, na mafundi walikuwa wanazirudisha. Mhudumu wa behewa alipita akisema, "Dakika chache tu, ndugu abiria." Wazoefu tukavua viatu.

Watu walianza kufungua vyakula. Kulikuwa na mahindi ya kuchemsha, karanga na viazi vitamu, na mzee mmoja mrina asali alikuwa na madumu yake chini ya kiti. Mbele yetu alikaa mzee wa Kisukuma mwenye kofia pana, Mzee Masanja, anayelima mpunga kule Mpanda. Ndiye aliyeanza.

"Ticha, huyu mama mgeni wako, mbona kakumbatia kikapu hakina kitu? Ana shida gani?"

Nikamtafsiria Velda swali. Akasema, "Waambie yote. Wana haki ya kujua, nimekalia nafasi yao." Akasimama. Nami nikasimama.

Hapa ndipo nilipokosea, na nakiri. Nyie mnajua kila mwaka huwa natafsiri kwenye mikutano ya injili pale uwanjani. Mgeni anasema sentensi moja, mimi naipokea na kuirusha. Mdomo wangu haujui kutafsiri kwa namna nyingine. Velda aliposema kwa upole, "Nilizaliwa katika nyumba ndogo," mimi nilinyanyua mkono nikapaza sauti: "Nilizaliwaaa! Katika nyumba ndogo!"

"Amina!" akajibu mama mmoja wa nyuma.

Mnajua wenyewe jinsi mambo yanavyokwenda. Mgeni mwenye Kiingereza, mkalimani pembeni yake, chombo kitupu mbele yao; watu wetu hawakuhitaji kuambiwa hapo pana nini.

Velda akasimulia maisha yake. Mama yake alikuwa mshona nguo. Alirudi kwao kutoka Tanzania akawa mwalimu, akaona watoto wanaacha shule kwenda kupasua kungumanga kwenye maghala ya wakubwa. Akaanzisha chama na walimu wenzake na makuli wa bandarini. Kikapu alikiweka mezani kila alipohutubia, na wapinzani wake wakamcheka: kikapu kitupu, kichwa kitupu. Akasema sawa, ndiyo itakuwa alama ya chama chetu. Uchaguzi wa kwanza wakashindwa.

"Wakashindwaaa!" nikatafsiri.

"Bwana asifiwe!" wakajibu, maana walidhani ushindi uko karibu.

Wakashindwa wa pili. Katika wa tatu yeye peke yake ndiye aliyepata kiti bungeni, akakaa upande wa upinzani peke yake, benchi zima. Alipewa nafasi ya kusema saa ya chakula cha mchana, wenzake wote wakiwa wametoka. Aliongea na viti, karani na wanawake wa kufagia. Wale wa kufagia wakayabeba maneno yake nyumbani kila jioni. Uchaguzi wa nne akapoteza hata kile kiti. Aliwahi kulala mahabusu kwa ajili ya maandamano ya walimu, na mama yake alifariki siku hizohizo. Akashindwa wa tano.

"Kila niliposhindwa," alisema, na sauti yake ikashuka, "niliandika barua kwenda Katavi nikaichana. Nilijiapiza sitarudi kwa Mama Koleta na kikapu kitupu. Huo ulikuwa upumbavu. Nilimwacha aaibike kwa sababu ya kiburi changu."

Hapo sikupaza sauti. Nilitafsiri polepole, kwa sababu hayo ndiyo maneno niliyokuwa nimeyabeba kwa hasira kutoka Mpanda, na yeye amenitangulia kuyasema.

Kisha akasema mara ya sita walishinda. Walichukua serikali nzima. Alimwachia uongozi mwanafunzi wake wa zamani, yeye akabaki mbunge wa kawaida, na safari yake ya kwanza ndiyo hii.

Behewa lililipuka! Mama wa nyuma akaanzisha pambio, na watu wakainuka mmoja mmoja wakija mbele. Mmoja akatia karanga kikapuni, mwingine mchele uliofungwa kwenye kitambaa. Mrina asali akaleta kichupa. Mzee Masanja akavua kofia, akatia konzi mbili za mpunga wa mbegu. Velda alikuwa anapeana mikono na kila mtu kama yuko kwenye kampeni, akininong'oneza, "Watu wakarimu sana, hata sijawaomba kura."

Nikamwambia ukweli sikioni. Wanadhani wewe ni mhubiri, hii ni sadaka.

Aligeuka rangi. "Waambie. Sasa hivi."

"Mama, tuache tu. Kikapu kimejaa!"

"Nimeitwa majina yote, mwanangu. Jina la mwongo halijawahi kunishika. Waambie."

Nikawaambia. Pambio likakatika. Nilitamani treni iondoke, lakini treni yenyewe ilikuwa palepale.

"Mwanasiasa?" akauliza Mzee Masanja.

"Mwanasiasa."

"Wa chama tawala?"

"Wa upinzani. Yaani, alikuwa upinzani karibu maisha yake yote."

"Akashindwa mara tano, na leo ameshinda, na amepanda na sisi daraja la tatu?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee Masanja akairudisha kofia kichwani taratibu. "Sasa mimi tangu nizaliwe wanasiasa wananipa fulana, wananipa kofia, wananipa chumvi. Mimi sijawahi kumpa hata mmoja. Ngoja leo na mimi nimpe." Akatia konzi ya tatu.

Watu walicheka hadi mhudumu akaja kutazama. Velda akamfuata mama wa pambio kumrudishia karanga zake. Yule mama akakunja mikono. "Nikitoa nimetoa. Mungu anajua nilimpa nani." Pambio likaanza upya, na lilikuwa linaendelea treni ilipoanza kusogea.

MPANDA

Tulifika mchana, siku moja baada ya ile tuliyotarajiwa. Kwenye bajaji Velda alitaka kumsalimia kila mtu, na kila tuliposimama alitoa mkono nje. Dereva wa bajaji akaniuliza kama kuna uchaguzi hajausikia.

Nilimlisha wali na kambare kwenye mgahawa wa mama mmoja karibu na soko. Alikula vizuri, kisha akasukuma sahani na kukitazama kikapu.

"Siwezi kumpa hivi," akasema. "Kitu kinachorudi kwenye kikapu kinatakiwa kitoke kwenye shamba la aliyekichukua. Bibi yako ndiye aliyenifundisha. Humu hakuna hata punje niliyopanda mimi."

Alitaka tukimwage, tununue sukari na kitenge, angalau kiwe kitu cha kununua kwa jasho lake. Hapo uchovu ukanizidi, nikamjibu bila adabu, Mungu anisamehe.

"Na kura je? Zilitoka shambani kwako?"

Akakivuta kikapu karibu naye.

"Wewe ulisimama na kikapu kitupu, watu wakatia. Ndivyo ulivyoshinda huko kwenu. Jana umesimama na kikapu kitupu, ukawaambia ukweli, na bado wakatia. Hilo ndilo shamba lako, Mama. Au ulikuwa unalima nini miaka yote hiyo?"

Mama wa mgahawa, ambaye hakuelewa hata neno moja la Kiingereza chetu, aliona sura zetu akaleta chai bila kuagizwa. Velda aliinywa yote. Kisha akafunga mfuniko, akasema kwa Kiswahili, "Twende nyumbani." Kitenge tulinunua vilevile, cha kukifungia kikapu.

KASEKESE

Gari la kukodi lilikwama kwenye tope tukiwa Kasekese. Wanaume waliokuwa wanatoka kuvuna mahindi waliweka viroba chini wakatusukuma, na wanawake wakatukaribisha ugali na uyoga. Mmoja alipokiona kikapu alishika mdomo.

"Jamani! Hiki si kile cha Koleta? Cha yule anayeulizwa kila siku na Fabiola?"

Sikujua kama aibu ya bibi yangu ilikuwa imesafiri mpaka Kasekese. Iliniuma, lakini safari hii niliona raha nayo. "Ndicho," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Na kimejaa."

Yule mwanamke alikimbia kwenda kumwita dada yake. Hatukuwa tumemaliza kula, habari ikawa imeshapanda pikipiki kuelekea Sibwesa.

SIBWESA

Njia nzima ya kuingia kijijini watu walikuwa wamejipanga. Velda alishuka mwanzo wa njia, akajitwika kikapu kichwani, akatembea kwa miguu. Alitembea wima, na aliponyoosha mkono kusalimia niliukunja nikamrudishia kifuani. Siku ile haikuwa ya kwake peke yake.

Bibi Koleta alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya mlango, shuka begani, anapepeta maharage. Macho yake siku hizi hayaoni mbali. Velda akapiga magoti.

"Mawe," akasema kwa Kirundi, *mama yangu*, "ndagarutse." Nimerudi.

 Bibi kwanza alikishika kikapu. Vidole vyake vilizunguka ua kwa ua hadi vikafika chini, pale mama yake aliporuka msuko mmoja akakosea. Akapakuta. Akashika na mfuniko, akaugusa ule uzi wa kuvulia samaki.

"Kimechakaa," akasema.

"Nimekitumia, mama."

"Vizuri. Kikapu si cha kutundika." Ndipo akaushika uso wa Velda, mashavu yote mawili, akamvuta kifuani, nao wakalia kama watoto. Nyie mnaniona mkali, lakini nililia zaidi yao.

Kwa desturi chombo hakifunguliwi kabla mgeni hajala. Bibi aliivunja desturi. Alipaza sauti, na kwa kile kifua chake sijui aliitoa wapi.

"Fabiola! Njoo uniulize!"

Bibi Fabiola alikuwa amesimama nyuma ya watu. Walimpisha. Alikuja na fimbo yake, mdogo wa umbo, amekunjamana. Bibi akainua mfuniko. Velda akaeleza moja moja, nami nikatafsiri bila kurusha mikono: karanga za mama wa pambio, asali ya Ugalla, mpunga wa mbegu wa Mzee Masanja, mchele wa mtu ambaye hakutaja jina lake. Bibi akazichota karanga, akazimimina kwenye viganja vya Fabiola.

Fabiola alizitazama. Kisha, sikutegemea, akatupa fimbo, akapiga kigelegele ambacho mpaka leo nakisikia masikioni. Sibwesa yote ikakipokea. Ngoma zikatoka ndani, na yule mama wa miaka karibu sabini aliyeshinda serikali nzima akacheza vumbini peku hadi raba zake zikapotea.

Tulikaa siku nne. Ule mpunga bibi aliutenga upandwe msimu ujao. Kifua chake kililegea, na wajukuu wenzangu wanasema ni dawa ya hospitali, nami nasema ni kigelegele.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta bibi ameshaamka, kikapu kiko mapajani mwake. Alikuwa anatia maharage mekundu, ya shamba lake. Alikijaza hadi mfuniko ukagoma, akampa Velda.

Velda akatikisa kichwa huku akicheka na kulia. "Mama, hapana. Mimi ni mzee. Wewe umekaribia tisini. Nitakirudisha lini?"

"Kwa hiyo uwahi," akasema bibi.

Bibi Fabiola alikuwa amesimama mlangoni, na fimbo yake, na kitu amekificha kwenye pindo la kitenge. 

"Koleta," akasema, "na mimi naweza kutia?"

Bibi akainua mfuniko. Fabiola akamimina konzi yake ya maharage meupe juu ya yale mekundu, akayasawazisha kwa kiganja. Bibi Koleta akafunga, akamtazama mwenzake wa miaka yote hiyo, akatabasamu hadi jino lake la mwisho likaonekana.

"Haya. Sasa kikichelewa, tutaulizwa wote wawili."